Mtu Juu ya Paa: muvi ya mauaji ya Uswidi ambayo siri yake iko kwenye faili la malalamiko

Nianze na onyo. Humu nitasimulia muvi nzima, mpaka muuaji nitamtaja, kwa hiyo kama wewe ni wale wanaoziba masikio mtu akigusia mwisho wa picha basi nenda kaitafute kwanza halafu urudi. Ila kwa muvi hii kumjua muuaji hakukuharibii kitu, na hapo ndo penye uzito wake, na ndo maana nimekaa nayo kichwani muda mrefu nikitaka kuielezea kwa Kiswahili taratibu.

Inaitwa Mannen på taket, Mtu Juu ya Paa. Ilitoka Uswidi tarehe 1 Oktoba 1976, dairekta wake Bo Widerberg. Kwao haijasahaulika, watu wazima wa Stockholm ukiwatajia wanaijua, lakini kwetu huku na kwa walimwengu wengi imefunikwa kabisa. Siku hizi mtu akisema anapenda muvi na siriazi za mauaji za kule kwenye baridi utasikia anaanzia kwa yule binti wa tatuu ya joka wa 2009, au ile siriazi ya maiti iliyokutwa katikati ya daraja la Denmark na Uswidi, ya 2011, kama vile kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Mzizi wa yote hayo uko huku nyuma, na nikiulizwa mimi nitasema mzizi una nguvu kuliko matawi karibu yote niliyoyaona.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna kanuni zetu za muvi na tunazijua bila kufundishwa. Steringi hafi. Adui anajulikana mapema, kazi inabaki kumsubiri afike mwisho wake. Na zile za upelelezi nazo zina kanuni zao, maiti inaonekana mwanzoni, wanatajwa washukiwa watano au sita kila mmoja na sababu yake, halafu dakika za mwisho mpelelezi anawakusanya sebuleni anaanza kuchambua mmoja mmoja mpaka anamnyooshea kidole aliyeua. Mtu Juu ya Paa inaanza kama inafuata kanuni hizi za pili, katikati inaziacha, inahamia kwenye kanuni za kwanza, halafu nazo inazivunja. Kwa hiyo mtu anayeiangalia haraka haraka anaweza kuona kama muvi mbili zimeunganishwa, nusu ya kwanza polisi wachovu wanazunguka na makaratasi, nusu ya pili risasi na helikopta. Nimesikia hilo likisemwa kama kasoro. Mi naona aliyesema hivyo hakuangalia yale makaratasi.

Stori iko hivi. Usiku, hospitalini Stockholm, amelazwa afisa wa polisi anaitwa Stig Nyman. Mtu anaingia chumbani kwake na kumuua kwa singe, ile ya kuchomekwa kwenye bunduki ya jeshi. Ni kifo cha kutisha sana, damu imetapakaa kila mahali, na kamera haikwepeshi macho, sikufichi, ukiwa na roho nyepesi hapo utaangalia pembeni. Kesi anapewa inspekta Martin Beck, na mwenzake Einar Rönn ambaye alikuwa zamu na hajalala. Kuanzia hapo mpaka mwisho haipiti siku moja nzima, yaani kila kitu kinabanwa ndani ya saa zisizofika 24, ndo maana sura za watu zinazidi kuchakaa kadiri muvi inavyoenda, macho mekundu, ndevu zimeanza kuota, mashati yamekunjamana.

Aliyeuawa ni polisi, kwa hiyo wenzake wanakuwa na hasira na wanataka kumjua mshenzi aliyemfanyia hivi mwenzao. Ndipo Beck na Rönn wanaanza kuuliza Nyman alikuwa mtu wa aina gani, na majibu yanaanza kuja polepole, wengine wanayatoa kwa shida, wengine hawataki kabisa. Nyman alikuwa mtesaji. Alikuwa anapiga watu, anawadhalilisha, anawaweka ndani bila sababu, na vijana waliopita chini yake aliwafundisha wafanye vilevile. Walalamikaji walikuwepo, wengi, na waliandika. Barua zao zipo, zina tarehe, zina mihuri. Wapelelezi wanapozifuatilia wanakuta kila moja imeishia palepale, hakuna hatua iliyochukuliwa. Moja baada ya nyingine hivyohivyo.

Hapa inabidi nisimame nielezee Uswidi kidogo maana bila hili muvi unaiona nusu.

Kwa wengi wetu Uswidi ni nchi ya wafadhili. Ukitaja nchi za Nordiki Tanzania mtu anakumbuka Kibaha, lile shirika la elimu lililoanzishwa kwa ushirikiano na hizo nchi mwaka 1963, shule, hospitali, kilimo. Ni nchi tuliyoizoea kama mfano, kodi kubwa lakini mtoto anasoma bure, mgonjwa anatibiwa, mzee analelewa. Wenyewe walikuwa na jina la hiyo ndoto, folkhemmet, nyumba ya wananchi wote, na chama cha Social Democrats kilichoibeba kilikaa madarakani tangu 1932, miaka 44 ukiondoa miezi michache tu ya 1936. Na angalia bahati ya tarehe, uchaguzi waliokuja kushindwa ulifanyika 19 Septemba 1976, muvi hii ikaingia kumbi za sinema chini ya wiki mbili baadaye. Sisemi muvi ilihusika na uchaguzi, haikuwa imetoka bado, lakini watu waliokaa kuiangalia ile wiki ya kwanza walikuwa wanajiuliza maswali makubwa kuhusu nyumba yao.

Kitu cha pili ni polisi wenyewe. Mpaka mwisho wa 1964 polisi wa Uswidi walikuwa wa halmashauri, kila mji na polisi wake. Tarehe 1 Januari 1965 serikali kuu ikawachukua wote ikawaunganisha kuwa jeshi moja la taifa. Kwenye karatasi ilikuwa mageuzi mazuri, mafunzo sawa, vifaa sawa, magari. Lakini walikuwepo waliosema polisi sasa anakuwa mbali na mtu wa mtaani, kwamba askari aliyekuwa anajua majina ya watoto wa mtaa wake anageuka kuwa mtu wa redio na gari, anayepokea amri kutoka juu. Waliosema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa wapenzi wawili walioishi pamoja bila kufunga ndoa, waandishi wa habari Maj Sjöwall na Per Wahlöö, na hii muvi imetoka kwenye kitabu chao.

Hawa wawili wanahitaji aya yao. Walikuwa watu wa mrengo wa kushoto kabisa, wanaoamini kwamba serikali ya Social Democrats imewasaliti wafanyakazi, na badala ya kuandika makala za siasa ambazo zingesomwa na wenzao tu wakaamua kuandika riwaya za polisi. Vitabu 10, kuanzia 1965 mpaka 1975, kila kitabu sura 30, na vyote kwa pamoja wakavipa jina moja, riwaya ya uhalifu, na uhalifu wenyewe waliokuwa wanausema ni ule wanaotendewa wananchi wa kawaida na nchi yao. Walikuwa wanaandika usiku watoto wakishalala, sura hii huyu sura ile yule. Vitabu vya mwanzo vinasomeka kama hadithi safi za upelelezi, kisha kadiri miaka inavyosogea hasira inapanda juu. Hiki cha muvi ni cha saba, kilitoka 1971, na jina lake la kitabu ni tofauti, ukilitafsiri ni kama Mtu wa Kuchukiza Kutoka Säffle, Säffle ni mji mdogo alikotokea Nyman. Wahlöö alifariki 1975, mwaka mmoja kabla ya muvi kutoka. Sjöwall aliishi mpaka 2020.

Sasa turudi kwenye zile barua, maana hapa ndo moyo wa muvi ulipo.

Uswidi wana ofisi ya tangu 1809 inaitwa Justitieombudsmannen, kwa kifupi JO. Neno ombudsman ambalo dunia nzima inalitumia limetoka kwao. Kazi yake ni kupokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma, polisi wakiwemo. Sisi tunalijua wazo hili kuliko tunavyodhani, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuwa na chombo cha namna hii, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya 1966, ambayo baadaye kazi zake zikaingia kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kenya nao wanayo Tume ya Haki ya Utawala tangu 2011 na watu wanaiita hivyohivyo, Ombudsman. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiangalia hizi barua za kwenye muvi haoni kitu cha kigeni.

Utaratibu unaoonyeshwa ni huu. Raia kapigwa kituoni, anaandika JO. JO anawaandikia polisi, jamani kuna lalamiko hili, hebu elezeni. Polisi wanamuuliza anayelalamikiwa na waliokuwa naye zamu. Wote wanasema hakuna kitu kama hicho, yule mtu alianguka mwenyewe, alikuwa mkorofi, alikuwa amelewa. Maelezo yanarudi JO, pale kuna neno la mlevi mmoja upande huu na maneno ya maafisa watatu upande ule. Faili linafungwa. Hakuna aliyehongwa, hakuna aliyevunja sheria ya kufunga faili, kila ofisi imefanya kazi yake kwa mujibu wa kanuni, na mtu kapigwa na imeishia hapo. Kinachonikaa moyoni ni kwamba kwenye muvi hakuna mtu anayepiga kelele kuhusu hili. Ni wanaume wawili waliochoka wanasoma. Unamwona Rönn usoni jinsi kitu kinavyomwingia kidogo kidogo, na huyo mwigizaji, Håkan Serner, alipewa tuzo ya Guldbagge ya mwigizaji bora, ambayo ndo tuzo kubwa ya sinema ya Uswidi, na muvi yenyewe ikachukua ya filamu bora. Ukitaka kujua kwa nini alipewa, mtazame anapokaa kimya.

Kati ya hayo malalamiko lipo la mtu anaitwa Åke Eriksson. Yeye mwenyewe alikuwa polisi. Mke wake Marja alikuwa na kisukari, mtu wa kuchoma insulini. Siku moja akazidiwa akiwa nje, askari wakamkuta katika hali ile, wakaona ni mlevi, wakambeba wakamtupa mahabusu alale pombe zimtoke. Hakuwa na pombe. Alikuwa anahitaji insulini, na alifia kule ndani.

Naomba nilielezee hili kwa urefu maana sio jambo la kwenye muvi tu. Kisukari kina sura mbili za hatari na zote mbili zinafanana na ulevi. Sukari ikishuka sana mtu anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anapepesuka, ulimi unakuwa mzito, anajibu vitu visivyoeleweka, wengine wanakuwa wakali kabisa kama watu wanaotafuta ugomvi. Upande wa pili ni insulini ikikosekana muda mrefu, mwili ukishindwa kutumia sukari unaanza kuchoma mafuta, damu inajaa asidi, mtu anatapika, anapumua kwa kuvuta ndani sana, anasinzia, na pumzi yake inatoa harufu ya tamutamu, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Askari asiyejua akiinama akanusa hiyo harufu, akaona na matapishi kwenye nguo, ameshahukumu. Na hukumu hiyo inapoteza saa muhimu, maana huyo mgonjwa anahitaji drip na insulini haraka, kulala hakumsaidii.

Dada yangu anaishi na kisukari tangu ana miaka 11. Siku moja asubuhi kituo cha daladala sukari ikamshuka akiwa amesimama foleni, akaanza kupepesuka, akamkanyaga mtu, akajibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Konda akamzuia asipande. Watu wakasogea pembeni, wengine wanacheka, mwanamke mzima kalewa saa mbili asubuhi. Aliyemwokoa ni mama muuza chai na maandazi, alimshika mkono ili amkalishe, akakuta mkono umelowa na ni wa baridi kama umetoka kwenye maji, akasema huyu sio pombe, mume wangu alikuwa hivihivi. Akavunja soda akamshikia chupa mdomoni. Dakika kumi na tano baadaye dada yangu alikuwa anauliza mkoba wake uko wapi. Nilipoiona stori ya Marja kwenye muvi ilibidi niisimamishe, nikatoka nje kwanza. Tofauti ya Marja na dada yangu ni nani alimfikia kwanza.

Mwaka uleule wa 1976 Uswidi walipitisha sheria mpya, ikaanza kutumika 1 Januari 1977, kwamba kulewa hadharani sio kosa la jinai tena na mtu aliyelewa akikamatwa ni kwa ajili ya kumhifadhi, na hali yake iangaliwe. Sheria ile ilikuwa na historia yake ndefu na sio tunda la muvi. Lakini ukiiweka pembeni ya kifo cha Marja unaelewa kwamba waandishi hawakuokota mkasa hewani, walikuwa wameweka kidole palepale nchi ilipokuwa inaumwa.

Basi Eriksson akalalamika. Akaandika. Faili likafungwa kama mengine. Akaanza kuonekana mtu msumbufu, akaondoka polisi, maisha yakamwendea kombo, na sasa ustawi wa jamii wanataka kumchukua mtoto wake wa kike. Serikali ileile iliyoshindwa kumlinda mama inakuja na karatasi iliyojazwa vizuri kumchukua mtoto. Hapo ndo anapochukua singe, na baada ya hospitali anapanda na bunduki juu ya paa la jengo anapoishi mtaa wa Dalagatan, anaanza kulenga polisi. Raia wa kawaida hawahitaji, anataka waliovaa sare.

Kwa hiyo unaona ile nusu ya pili ilivyoshonwa na ya kwanza. Zile risasi zinazotoka juu ya paa ni barua zilezile. Ameandika ikashindikana, sasa anawasiliana kwa njia ambayo haiwezi kufungwa kwenye faili. Na muvi haimtetei. Hili nataka nilisisitize maana ni rahisi kuiangalia ukaanza kumshangilia Eriksson. Anaua askari wa doria waliokuja kazini kwao, watu ambao pengine hata jina la Marja hawajawahi kulisikia, na kamera inakaa nao wakiwa chini, haikimbilii kwenye tukio linalofuata. Unabaki na uzito wa pande zote mbili na hakuna anayekuja kukutua.

Jinsi ilivyopigwa ndo inafanya uamini. Widerberg alizaliwa Malmö 1930, na kabla hajawa dairekta alikuwa mwandishi, mwaka 1962 alitoa kitabu cha kuishambulia sinema ya nchi yake hasa ile ya Ingmar Bergman, mungu wao wa sinema, kwamba inahangaika na Mungu na roho za watu wakati mtaani kuna watu wana kodi ya nyumba na baba mlevi. Alipenda mwanga wa asili, kamera ya kubeba mkononi, na kuchanganya waigizaji na watu wa kawaida ambao hawajawahi kuigiza. Muvi yake ya mapenzi ya 1967, Elvira Madigan, ilimpa jina dunia nzima, kila kitu kilikuwa jua na majani na muziki wa Mozart. Kisha akaiona ile muvi ya polisi ya New York, The French Connection, akaipenda, na matokeo ni hii. Mwanga ni uleule wa asili lakini sasa ni wa kijivu, wa alfajiri ya mji wa baridi. Wapigapicha ni Odd Geir Sæther na Per Källberg. Muziki ni wa Björn J:son Lindh na upo kidogo sana, muda mwingi unasikia simu, viatu kwenye korido, watu wakipiga miayo, mvuto wa sigara.

Martin Beck anachezwa na Carl-Gustaf Lindstedt, na hili kwa Waswidi lilikuwa mshtuko kwa sababu alikuwa mchekeshaji. Mchekeshaji kwelikweli, wa kuanguka na kugeuza macho. Kwa Mtanzania fikiria marehemu Mzee Majuto anapewa nafasi ya inspekta wa mauaji na hakuna kichekesho hata kimoja. Watu walitilia shaka. Lakini Widerberg aliuona ule mwili mzito, yale mabega yaliyoinama, na kumbe mchekeshaji mzuri anajua kukaa kimya kuliko mtu yeyote. Beck wake hana maneno makali wala koti la kishujaa. Anafanana na mjomba aliyestaafishwa vibaya.

Halafu helikopta. Bosi wa polisi anaamua jambo hili litamalizwa kwa nguvu, askari washushwe kutoka angani mpaka juu ya paa. Hapa waandishi wanazungumzia yale mageuzi ya polisi ya 1965, amri kutoka juu, vifaa vikubwa, na mtu wa chini hajaulizwa. Eriksson alikuwa polisi, anajua watakuja hivyo. Helikopta inapigwa risasi, inayumba, inaangukia uwanja wa Odenplan katikati ya watu, karibu na mlango wa treni ya chini ya ardhi. Ni 1976, hakuna kompyuta ya kuchora helikopta, unachokiona kikianguka ni chuma. Nimeiona hiyo sehemu mara nyingi na kila mara mwili unasisimka, na sio kwa ajili ya mlipuko, ni kwa ajili ya wale watu wa pale chini na mifuko yao ya manunuzi.

Mwaka juzi nilikuwa Stockholm wiki mbili kwa shemeji yangu, nikamwomba anipeleke Odenplan. Kuna kanisa kubwa jeupe lenye kuba, Gustaf Vasa, kuna mabasi, watu wanatoka chini ya ardhi wakikimbia, siku hizi kuna na stesheni mpya ya treni iliyofunguliwa 2017. Tukatembea dakika chache mpaka Dalagatan, kuna bustani ya Vasaparken, watoto wanacheza mpira. Shemeji akanionyesha mtaa huohuo nyumba aliyoishi Astrid Lindgren, yule bibi aliyeandika vitabu vya watoto vya Pippi, aliishi hapo miaka zaidi ya 60. Nikasimama nikaangalia juu kwenye mapaa. Mtaa mtulivu kuliko maelezo. Nadhani hapo ndo nilielewa kwa nini Widerberg alitaka kupiga mahali halisi na sio kujenga, kwa sababu mtu wa Stockholm aliyetoka ukumbi wa sinema ile Oktoba alilazimika kupita palepale kwenda nyumbani.

Na steringi? Beck, baada ya kusoma yote yale, baada ya helikopta, anaamua kupanda mwenyewe kumfuata Eriksson. Hakuna aliyemtuma. Ukiangalia bila kuelewa zile barua utaona ni ujinga, mtu mzima, mnene, hajalala, anapanda ngazi kwenda kwenye mdomo wa bunduki. Ukielewa unaona ni mtu anayekwenda kulipa deni ambalo sio lake peke yake, deni la kila polisi aliyejua Nyman ni nani na akanyamaza. Beck naye alikuwa kwenye jeshi hilohilo miaka yote ile. Anapigwa risasi ya kifua. Steringi yuko chini, na muvi bado inaendelea, wengine inabidi wamalizie. Wanamfikia Eriksson, na mwisho unakuja kwa ghafla, hakuna hotuba, hakuna mtu anayesimama kuelezea tumejifunza nini. Imeisha.

Kwenye vitabu Beck anapona, kitabu cha nane kinamkuta akirudi kazini na kovu lake. Na muvi za Beck ziliendelea, Wamarekani walikuwa wameshajaribu 1973 wakahamishia stori nyingine San Francisco na Walter Matthau, Waswidi wakatengeneza nyingine kibao, na tangu 1997 Beck ni Peter Haber, siriazi ndefu ambayo imekwenda mpaka miaka yetu hii. Widerberg mwenyewe alirudi kwenye polisi mara moja tu, Mannen från Mallorca ya 1984, nayo nzuri, akafariki 1997.

Kwenye hiyo siriazi ya Peter Haber, Beck anaishi kwenye fleti na ana jirani, mzee mmoja mwenye kola ya kukaza shingo, anayependa kupiga stori kwenye baraza usiku Beck akirudi amechoka. Mwigizaji wake ni Ingvar Hirdwall. Huyo ndo Åke Eriksson wa 1976, aliyekuwa juu ya paa. Nilikuwa nimeshaangalia sehemu kadhaa kabla sijamtambua, na tangu siku hiyo kila anapotokeza uso wake pale barazani na kumkaribisha Beck kinywaji, mi namwona bado ana bunduki mkononi na ile barua ya ustawi wa jamii mfukoni.